Merikebu ya Filamu na Bahari ya Kweli

Wahakiki wamezoea kuichukulia merikebu ya filamu kama pambo la jukwaa, kitu ambacho uhai wake hukoma kamera zizimwapo. Historia ya Bounty yatulazimisha kulitazama upya suala hili. Merikebu asilia, iliyotumwa Tahiti mwaka 1787 kuchukua miche ya mishelisheli, iliasiwa na mabaharia wake mwaka 1789, ikachomwa moto Pitcairn mwaka uliofuata. Nakala yake iliundwa Lunenburg, Kanada, mwaka 1960, kwa ajili ya filamu ya kampuni ya MGM iliyotolewa mwaka 1962. Nayo (jambo lisilopaswa kupuuzwa) ilikuzwa kuliko asilia ili wapiga picha wapate nafasi. Nakala hii iliishi miaka 52, ilhali asilia haikufikisha hata kumi. Hapo ndipo dhana ya uigaji inapopwaya. Tarehe 25 Oktoba 2012 ilitweka kutoka New London, kimbunga Sandy kikiwa kimekwisha kutabiriwa. Siku nne baadaye ilizama nje ya pwani ya North Carolina. Kati ya watu 16 waliokuwamo, 14 waliokolewa, baharia mmoja alikufa, na nahodha hakuonekana tena. Wachunguzi wa Marekani waliulaumu uamuzi wake wa kusafiri.