Asili ya Mbuyu

Mbuyu, buyu, ubuyu: mti, tunda, na ule unga mchachu ulioshika mbegu zake. Sisi tufundishao Kiswahili hatuna mfano mzuri zaidi wa ngeli. Lakini ni mara chache tuwaambiapo wanafunzi kwamba mti huu una ndugu ng'ambo ya bahari.

Jamii ya mibuyu ina aina 8. Aina 6 ni za Madagaska peke yake. Moja ni ya bara letu la Afrika, na moja humea kaskazini-magharibi ya Australia.

Wako waliosema kwamba nchi hizo zilikuwa bara moja, Gondwana, nazo zilipoachana kila moja ikaondoka na mibuyu yake. Maelezo hayo yapendeza, ila hesabu yayakataa. Madagaska iliachana na Afrika yapata miaka milioni 160 iliyopita, na jamii ya mibuyu, kwa makadirio ya wataalamu, haifikii hata robo ya umri huo. Basi hapana budi ilivuka maji. Buyu lina ganda gumu, nalo huelea. Tena uchunguzi wa vinasaba vya aina zote 8, uliotangazwa mwaka 2024, waelekeza asili yao Madagaska. Yaani mbuyu wetu wa bara ni mgeni, ingawa mgeni wa kale mno.

Mibuyu ya India ni habari nyingine. Hiyo ni aina yetu ya Afrika, iliyopelekwa huko na watu.