Wembe wa kukunja na mkono wa kinyozi wa Kuze

Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi vinyozi wa Kuze hawapati nafasi ya kupumua. Ijumaa ni siku ya kuoga, kukata kucha, kupunguza masharubu na kujitia manukato kabla ya kwenda msikitini, na mtaa huu wa Mji wa Kale wa Mombasa, jirani na Kibokoni, haujakosa misikiti. Mashine ya umeme hupita kichwani, lakini ikifika kwenye kingo za ndevu na kisogoni, huwekwa kando. Hapo kinyozi huchukua wembe.

Ufundi huo ni wa kale. Kabla ya sabuni ya povu na brashi, mwambao ulinyoa kwa maji. Methali ya mwenzako akinyolewa, zako tia maji, huchukuliwa kuwa onyo tu, lakini ndani yake mna fundisho sahihi la kazi. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa kwa dakika chache hulainika, na wembe hupita bila kukwaruza ngozi.

Kazi yenyewe ilikuwa na heshima yake. Mtoto hunyolewa siku ya saba, siku ya akika, na sadaka ya fedha hutolewa kwa uzani wa nywele zake. Hujaji hunyoa kichwa anapomaliza ibada. Bwana harusi naye hunyolewa mbele ya ndugu na marafiki, nao humtunza kinyozi kwa pesa. Katika shughuli zote hizo, mwenye wembe ni mtu wa kuaminiwa: makali yako utosini mwa mtoto, au shingoni mwa mtu mzima.

Wembe wa kukunja tunaoujua, wenye mpini unaofunika makali, ulifikia ubora wake baada ya miaka ya 1740, pale Benjamin Huntsman wa Sheffield, Uingereza, alipoyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu na kupata chuma safi kinachoshika makali. Baadaye Solingen, Ujerumani, ikawa mshindani wake mkubwa. Mwaka 1769 Mfaransa Jean-Jacques Perret alitoa kitabu cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe. Kwetu ilisemwa kinyozi hajinyoi, na nadhani wazee walikuwa na hoja, kwa sababu chini ya kidevu jicho halifiki.

Zamani anayejifunza alianza na kunoa. Kinoo hurudisha makali yaliyokufa. Ukanda wa ngozi uliyanyoosha kabla ya kila mteja. Kwenye ukanda huo, wembe uliburutwa mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali, umekata ukanda na kuharibu wembe. Kisha ndipo uso. Mkono wa kushoto huvuta ngozi ikakaza, wa kulia hulaza wembe kwa digrii kama 30, na mikato huwa mifupi, bila kugandamiza. Kwanza hufuatwa mwelekeo wa nywele, na mwelekeo huo hubadilika shingoni, kwa hiyo kinyozi hupapasa kwa vidole kabla ya kunyoa. Halafu povu tena, na wembe upite kwa kukingama.

Kwenda kinyume cha nywele ndiko kunakolainisha kabisa, na ndiko kunakowaumiza wengi wetu. Nywele za kipilipili zikikatwa chini mno, ncha yake hujikunja na kurudi ndani ya nyama, na baada ya siku chache shingo imejaa vipele. Kinyozi hodari huacha kitu kidogo. Mwisho husugua shabu kufunga michubuko, na maji baridi.

King Camp Gillette alianza kuuza viwembe vyake vya kutupa mwaka 1903, na wanaume wengi duniani wakaanza kujinyolea nyumbani. Lakini kilichobadilisha zaidi viti vya vinyozi vyetu ni hofu ya damu. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya aliripotiwa 1984, na Novemba 1999 serikali ikautangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa. Wembe mmoja kwa watu kumi haukuweza kutetewa tena. Baadhi ya aina za homa ya ini nazo huambukizwa hivyo hivyo. Sasa kinyozi huvunja kiwembe katikati kingali ndani ya karatasi yake, akatia nusu kwenye mpini wa kukunja, na mteja akiondoka hukitupa.

Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki, ingawa kinoo na ukanda vimepotea pamoja na mafundi waliojua kuvitumia. Mkono wenyewe umebaki, na vijana wa Mji wa Kale wanaotaka kazi hii wajifunze kwa wazee waliopo. Nawe msomaji, ukiketi kitini, usione haya: mwambie kinyozi afungue kiwembe kipya mbele ya macho yako.