Zile Dengu za Kahawia

Kwetu Ethiopia dengu huitwa shimbra. (Mwalimu wetu wa Kiswahili alituonya kwamba Kenya ukiomba ndengu utaletewa choroko.) Bibi yangu huzipanda mvua zinapoisha, mwezi wa Septemba, katika udongo mweusi unaotunza maji. Zamani alipanda mbegu ndogo za kahawia alizoachiwa na mama yake. Siku hizi hupanda Arerti, nyeupe na kubwa, kwa sababu sokoni ina bei nzuri. Nilipomuuliza zile za zamani ziko wapi, alijibu, "Tulizila."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nisome historia ya zao hili. Dengu zilianza kulimwa miaka 10,000 hivi iliyopita. Mmea wa mwituni zilikotoka huota katika eneo dogo tu, kusini-mashariki mwa Uturuki, kwa hiyo wakulima wa kwanza walianza na urithi mdogo. Kisha kulikuwa na ugonjwa wa ukungu uliounguza mimea wakati wa mvua za baridi. Watafiti wanaona kwamba wakulima waliukwepa kwa kupanda baridi inapoisha, na mimea isiyoweza kukomaa kwa maji machache ikapotea. Tabia hiyo inamfaa sana Bibi. Lakini anayetaka kuzalisha mbegu bora hubanwa: huwezi kuchagua sifa ambayo mbegu zote ulizo nazo hazina.

Ndiyo maana watu wamekusanya mbegu za kienyeji na za mwituni. Mrusi Nikolai Vavilov alifika kwetu mwaka 1927. Baadaye, Leningrad ilipozingirwa na Wajerumani, wenzake kadhaa walikufa kwa njaa wakilinda ghala la mbegu. Yeye mwenyewe alifia gerezani Saratov mwaka 1943.

Arerti nayo ilitokana na mbegu za kituo cha ICARDA, karibu na Aleppo, Syria. Vita vilipofika huko watafiti walihama, na mwaka 2015 wakachukua nakala za mbegu zao walizokuwa wameweka Svalbard, Norwei, wakazipanda upya Lebanoni na Moroko. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma jenomu za dengu 3,366. Za mwituni zilikuwa 195 tu.

Simlaumu Bibi. Arerti ndiyo iliyonilipia nauli na vitabu. Lakini likizo ijayo nitapita kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto wetu. Nasikia bado ana kibuyu cha zile za kahawia.