Mgeni yuko wapi kwenye mchongo?



Juzi nilipanda Constitution Hill, si mbali na ninapokaa, nikasimama mbele ya milango ya Mahakama ya Katiba. Jengo lilifunguliwa Machi 2004 palipokuwa gereza. Gandhi na Mandela waliwahi kufungwa hapo. Kwenye mbao zimechongwa haki 27 za Katiba, kwa lugha 11 zilizokuwa rasmi wakati huo, na kwa ishara za mikono za viziwi. Sisi tuliokulia penye milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, mkono unakwenda wenyewe kupapasa. Nikatafuta Kiswahili. Hakimo. Nikajiuliza: mie je, nimo?

Swali hilo ni la kale. Kule Athene, hekalu la Parthenon (lilianza kujengwa 447 K.K.) lilizungushiwa ukanda wa michongo ya marumaru, urefu wa mita 160 hivi: wapanda farasi, wasichana, wazee, ng'ombe wa kafara. Wataalamu wengi wanausoma kuwa ni maandamano ya sikukuu ya Athena, mungu wa kike wa mji. Yaani mji ulijichonga wenyewe, ukajiweka nyumbani kwa mungu wake. Lakini hebu tazameni wabeba sinia. Katika maandamano hayo kazi ya sinia ilikuwa ya metoikoi, ndio wageni wakaazi: kodi wanalipa, vitani wanakwenda, kura hawana. Kwa hiyo mgeni yumo, ila kapewa mzigo.

Haya, na nani alichonga? Hesabu za ujenzi wa hekalu jirani, Erechtheion, za 409-407 K.K., zimebaki zimeandikwa kwenye mawe. Mchongaji alilipwa drakma 60 kwa sura moja ya mtu. Kati ya wafanyakazi 86 ambao hadhi yao inajulikana, raia ni 24 tu; wageni wakaazi 42, watumwa 20. Sifa ikabaki kwa Athene.

Sisemi kwamba hapa ni yaleyale. Haki nyingi za milango hii ni za kila mtu. Chache, kama kura, ndizo za raia peke yao. Tena mwezi uleule wa Machi 2004, katika kesi ya Khosa, Mahakama iliamua kwamba Wamsumbiji wenye ukaazi wa kudumu wasinyimwe misaada ya serikali ya wazee na watoto. Halafu ikaja Mei 2008: fujo dhidi ya wageni zikaanzia Alexandra, Johannesburg hiihii, watu 62 wakauawa. Kati yao 21 walikuwa Waafrika Kusini wenyewe. Chuki haikuuliza vizuri nani mgeni.

Mchongo unatuonyesha mji unavyotaka kuonekana. Namna unavyoishi, hilo tuwaulize wabeba sinia. Ndiyo maana nadhani sisi wa ughaibuni tuna la kuchangia katika historia hii.