Tiba ya mwanga kwa soriasisi

Tiba ya mwanga ni matibabu ya soriasisi kwa mionzi ya urujuanimno kutoka kwenye taa maalumu. Soriasisi ni ugonjwa sugu usioambukiza: kinga ya mwili huchokoza ngozi ijitengeneze upya kwa siku chache badala ya karibu mwezi mzima, na mabaka mazito yenye magamba hujitokeza, hasa viwikoni, magotini na kichwani. Mionzi hupunguza kasi hiyo na kuua sehemu ya chembe za kinga ziitwazo chembe T, zinazochochea uvimbe. Haiponyi kabisa, huulaza ugonjwa, kwa wengine miezi kadhaa.

Mwaka 1925 William Goeckerman wa Mayo Clinic, Marekani, alieleza namna ya kumpaka mgonjwa lami ya makaa ya mawe kisha kummulika. Tiba ilifanya kazi, ingawa ilinuka na kuchafua nguo. Mwaka 1974 ikaja PUVA, ambapo mgonjwa humeza dawa iitwayo psoraleni kabla ya kumulikwa. Ngozi ilisafika vizuri, lakini baada ya miaka saratani ya ngozi ilionekana zaidi kwa waliotibiwa mara nyingi. Hatua kubwa zaidi ilikuwa ya 1981: watafiti Parrish na Jaenicke walionyesha kuwa mawimbi ya karibu nanomita 313 hutibu, ilhali yaliyo chini ya 290 huunguza tu. Ndipo zikatengenezwa taa za UVB (aina ya mionzi ya urujuanimno) ya wigo mwembamba, zinazotumika zaidi leo.

Mgonjwa huvua nguo, huvaa miwani ya kinga na kusimama ndani ya kabati lenye taa pande zote; wanaume hufunika sehemu za siri. Siku ya kwanza humulikwa kwa muda mfupi sana. Kipimo huongezwa taratibu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, hadi vipindi 20 au 30. Mhudumu hutazama wekundu wa kesho yake, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo ni lazima aulize kuhusu joto na maumivu.

Kuota jua la mchana si badala yake. Halina kipimo, na ngozi iliyoungua huweza kuzua mabaka mapya palepale. Wenye ugonjwa wa lupasi hawamulikwi, na kwa wenye ualbino hatari ni kubwa mno. Wajawazito, wasioruhusiwa kabisa kutumia dawa ya soriasisi iitwayo methotreksati, huweza kupewa UVB ya wigo mwembamba, wakiangaliwa kiwango cha asidi ya foliki.