Bonsai Kwenye Picha, Wachimbaji Hawatajwi

Ile miti midogo ya bonsai unayoi-like kila siku, kumbe mingine haikuoteshwa nyumbani. Japani wanaita yamadori: mti uliodumazwa na upepo na mawe unachimbwa mlimani, unatiwa chunguni.

Huko Itoigawa, mwanzoni mwa karne ya 20, jamaa walishuka majabali kwa kamba kufuata shimpaku, ndugu wa mtarakwa wetu. Ukiteleza, basi. Leo miti hiyo inashangiliwa kwenye maonyesho. Wengi walioishusha hawatajwi kabisa. Na mlimani? Shimpaku wakongwe wamebaki wachache mno.

Siku hizi watu wanachimba hata visiki vya goji. Jamani, goji huota kwa kipande cha tawi tu! Kisiki kikongwe kikishang'olewa, hakirudi.