NCHI JIRANI: BARAZA LISILO NA ASKARI

Askari wa mpakani aweza kumzuia mtu, gari au gunia la magendo. Maneno hayazuiliki hivyo. Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza kutoka Kigali, na mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilitaja watu kwa majina ili wasakwe na kuuawa. Desemba 3, 2003, mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufani ya 2007 iliwapunguzia adhabu, haikuwaachia huru. Lakini hukumu ilitolewa watu wakiwa wamekwisha kuzikwa. Nani angewakemea mapema?

Hiyo ndiyo kazi ya mabaraza ya habari. Sweden ilianza na baraza lake mwaka 1916, na Uingereza ikafuata 1953. Baraza la namna hiyo huundwa na wanahabari wenyewe, wakakaa pamoja na wananchi wasio wanahabari, kusikiliza malalamiko. Halina polisi wala mahabusu. Likiona gazeti limekosa, hulitaka lichapishe uamuzi huo katika kurasa zake lenyewe. Kwa mtu aliyelelewa katika amri na adhabu, silaha hiyo huonekana butu. Hata hivyo, mhariri anayelazimika kuwaambia wasomaji wake kwamba alikosa haisahau siku hiyo.

Sasa tuseme ofisa wa polisi wa Mwanza amezuliwa uongo na gazeti la Kampala. Apeleke wapi shauri lake? Mwaka 1992 kiliundwa Chama cha Dunia cha Mabaraza ya Habari, na miaka ya mwisho ya karne hiyo likazuka humo pendekezo la kuwa na kanuni moja ya dunia nzima na chombo cha kusikiliza malalamiko yanayovuka mipaka. Wazo lilikuwa na mvuto. Tume ya Malalamiko ya Magazeti ya Uingereza, iliyodumu kuanzia 1991 hadi 2014, ililipinga vikali chini ya Lord Wakeham, ikihofu kwamba serikali zisizopenda kukosolewa zingekitumia chombo hicho kuwanyamazisha waandishi.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Baraza la India, lililoanza 1966 kwa nguvu ya sheria, lilivunjwa na serikali wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1975, likarudishwa kwa sheria mpya ya 1978. Kinachoumbwa na serikali, serikali hukifumua. Mwaka 1999 mabaraza ya Ulaya yakaunda umoja wao, ulio mlegevu kwa makusudi: wanachama hukutana na kupeana uzoefu, lakini hukataa kanuni moja ya kuwafunga wote. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa la busara, ingawa linamwacha yule ofisa wa Mwanza abishe hodi Kampala mwenyewe.

Na huko Kampala angekuta milango miwili, kwani Uganda ina baraza lililowekwa na sheria ya 1995, na waandishi wakaunda jingine lao. Hapa Tanzania wanahabari waliunda Baraza la Habari kwa hiari yao mwaka 1995, baada ya kuupinga mpango wa serikali wa kuwaundia. Wenzao wa Kenya walianza kwa hiari vilevile mwaka 2004, kisha sheria ya 2007 ikaliingiza baraza lao mikononi mwa dola. Majirani wasiofanana hivyo hushirikiana kwa shida.

Rwanda nayo, kwa sheria ya 2013, iliwapa wanahabari tume ya kujisimamia. Mtihani ulikuja Oktoba 2014, baada ya BBC kuonyesha huko Uingereza filamu kuhusu mauaji ya 1994 iliyoikasirisha Kigali. Hilo lilikuwa hasa lalamiko la kuvuka mpaka. Matangazo ya BBC kwa Kinyarwanda yalisimamishwa, lakini si na tume hiyo, bali na mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano. Mei 2015 mwenyekiti wa tume, Fred Muvunyi, alijiuzulu na kuihama nchi, na mwezi huohuo mamlaka ikatangaza kwamba matangazo yale yamesimamishwa kwa muda usio na kikomo.